Kigingi Nilichokisogeza

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Wenye nguvu wamsifu wakiwa wamesimama, na sisi tuliochoka tumsifu tukiwa tumekaa. Mchungaji ameniruhusu niketi kwa sababu magoti haya yamekataa kazi. Jina langu ni Tabitha Karambu. Wengi wenu hapa Timau mnanijua kama Mama Mutwiri, yule mzee anayekaa kwa mwanawe kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano, anayelalamikia baridi kila asubuhi. Ndiye mimi. Na baridi nitaendelea kuilalamikia.

Nitasema kwa Kiswahili kwa sababu hapa tumechanganyika. Kuna Mturkana, kuna Mkikuyu, kuna sisi Wameru. Mnivumilie. Kiswahili changu sikukipata shuleni. Nilifundishwa na watu wenye fimbo wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, na maneno ya kwanza niliyoyajua yalikuwa "chimba", "haraka" na "nyamaza". Hilo la mwisho ndilo nililolishika vizuri kuliko yote. Nimelishika mpaka nimezeeka nalo.

Humu kanisani kuna watu wawili wa kusikia habari hii. Wa kwanza ni mwanangu Mutwiri, yule pale karibu na ngoma. Wa pili ni yule mama aliyeketi mlangoni, ambaye macho yake hayaoni tena. Anaitwa Julia Kathambi, ni jirani yangu wa nyumbani Imenti, na ni mimi niliyemleta huku wiki hii. Mutwiri humwita mama mdogo. Amempasulia kuni miaka mingi, amemtengenezea paa, na hajawahi kujua kwa nini kila akienda nyumbani mimi humwambia, "Pitia kwa Kathambi kwanza." Kathambi habari hii anaijua. Mwanangu haijui. Ndugu zangu, naogopa. Nimewahi kuelekezewa bunduki, na sikuogopa namna hii.

Basi nianze.

Nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa mgongoni, huyu huyu Mutwiri. Shamba letu lilikuwa karibu na msitu wa mlima. Siku moja askari walikuja wakachukua wanaume, na mume wangu akapelekwa kizuizini bila kuambiwa kosa. Haikupita muda wakaja tena, wakatuambia sisi wanawake tubomoe nyumba zetu na kuhamia kijiji kimoja, nyumba zimebanana, kuzunguka kote seng'enge, lango moja tu. Nilibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu. Nguzo nilizibeba mgongoni, na Mutwiri nikambeba mbele. Mashamba yetu tuliyaacha nyuma, viazi vikiwa ardhini na ndizi zikiwa mitini, na kuyaendea mpaka upewe ruhusa.

Halafu ikaja kazi ya handaki. Serikali ilitaka kutenganisha msitu na watu, ili wapigania uhuru waliokuwa msituni wasipate chakula kutoka kwetu. Kwa hiyo tukachimbishwa shimo refu lisilo na mwisho, kufuata ukingo wa mlima, upande wetu na kule Embu vilevile. Kina chake ukisimama ndani na kunyoosha mkono hushiki ukingo. Chini tulisimika mianzi iliyochongwa ncha. Hapakuwa na malipo. Palikuwa na jembe, na firimbi, na homgadi, mtu wa kwetu aliyepewa bunduki na serikali atulinde, mwenye kijiti cha kupimia.

Sikilizeni vizuri jinsi kazi ilivyopangwa, kwa sababu dhambi yangu imo humo. Kila jioni homgadi alipita na kijiti chake akipima kazi ya kesho. Kila mwanamke kipande chake, na kati ya kipande na kipande alipigilia kigingi. Asubuhi ukifika unaanza kwenye kigingi kimoja unaishia kwenye kingine. Orodha haikubadilika, kwa hiyo jirani yako wa jana ndiye jirani yako wa leo. Ukimaliza kipande chako mapema, unaruhusiwa kwenda shambani kwako kwa saa moja kutafuta chakula, mpaka firimbi ilie. Usipomaliza, unachimba mpaka firimbi ilie, kisha unarudi kijijini mikono mitupu. Na kijijini, ndugu zangu, hapakuwa na duka wala mtu wa kukugawia. Ulichokitoa shambani saa ile ndicho mtoto alichokula.

Jirani yangu kwenye orodha alikuwa Kathambi. Mumewe naye alikuwa amechukuliwa. Alikuwa na mtoto wa kike, Kananu, aliyekuwa anaanza kutembea, mkubwa kidogo kuliko Mutwiri. Hatukuwa tunajuana. Siku ya kwanza tukiwa ndani ya shimo aliniuliza nimeolewa ukoo gani. Nikamtajia. Akaacha kuchimba, akacheka! Mahali pale palipokuwa hapachekeki.

"Basi tumepona," akasema. "Sisi ni gichiaro."

Ninyi msio Wameru niwaeleze. Kwetu kuna koo ambazo wazee wa zamani sana walizifunga pamoja kwa damu. Hizo zinaitwa gichiaro. Mtu wa gichiaro yako humdanganyi. Humwibii. Humuumizi hata kwa kidole. Na akikuomba kitu, chochote kile, humkatalii. Ndugu wa tumbo moja unaweza kumkatalia mkagombana mkapatana, lakini gichiaro humkatalii. Hata sisi tuliobatizwa tuliiogopa, na hata leo nikiitaja nywele zinanisimama. Sasa ukoo wa mumewe na ukoo wa mume wangu ndivyo zilivyokuwa. Nikamwambia, "Karibu, gichiaro." Tukachimba siku ile kama watu wanaopalilia mahindi.

Lakini mwili huchoka, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Mkono wangu wa kulia ulivimba. Siku ya kwanza ya uvimbe nikashindwa kumaliza, nikarudi bila chakula. Siku ya pili vilevile. Mutwiri alilia mpaka sauti ikaisha, akawa anafungua mdomo tu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anabaki naye, akaniambia, "Huyu ukimletea upepo tena kesho, keshokutwa usije na jembe, uje na shuka." Maneno hayo niliyasikia usiku kucha.

Nyumba yangu ilikuwa karibu na lango, kwa hiyo asubuhi nilikuwa wa mbele kufika kwenye kazi. Kulikuwa na ukungu. Homgadi alikuwa kwenye moto wake anapasha mikono. Nikakiona kile kigingi kati yangu na Kathambi. Nikaking'oa. Nikakisogeza upande wangu hatua moja tu. Nikakipigilia kwa kisigino cha jembe, na tundu la zamani nikalifukia kwa mguu.

Hatua moja! Mtu anaweza kusema hatua moja ni nini. Haya, ichimbe. Ichimbe kwenda chini urefu wa mtu na mkono, kwa jembe butu, huku udongo unautupa juu ya kichwa chako. Hatua ile niliyoipunguza kwangu ilienda kwake. Homgadi hakupima tena asubuhi. Alitazama tu kama shimo limefika kwenye kigingi. Siku ile nilimaliza mapema, nikaenda shambani, nikarudi na viazi vitamu. Mutwiri akala. Kathambi akabaki ndani ya shimo.

Mngetaka niwaambie nilifanya mara moja nikatubu. Sikutubu. Nilifanya kesho yake, na keshokutwa yake, kama majuma matatu. Kila asubuhi hatua moja. Siku nyingine nilisema leo nakiacha, kisha nikaona mkono wangu umeshakishika. Ndugu zangu, nataka mjue kwamba sikuwa namchukia yule mwanamke. Nilimpenda! Tulikuwa tunaongea kutwa, kila mtu upande wake wa kigingi.

Jioni moja, tukirudi kijijini, Kathambi akanisogelea. Alikuwa amekonda, shingo imetoka mifupa. Akaniambia polepole, "Gichiaro, naomba viazi viwili vya mtoto."

Sikuweza kumkatalia. Unajua huwezi. Nikafungua kiondo, nikampa viwili. Lakini nitasema yote leo. Nilivichagua. Nilitia mkono ndani nikapapasa mpaka nikapata vile vidogo kabisa, kama kidole gumba. Akavitazama kwenye kiganja chake. Akanitazama mimi. Akasema asante. Hakuniomba tena.

Msimu ule Kananu akafa.

Watoto wengi walikufa kijijini. Palikuwa na kuhara, palikuwa na kikohozi, palikuwa na njaa. Siwezi kuwaambia kwa uhakika kwamba ni kigingi changu kilichomuua. Nimejiuliza maisha yangu yote na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba wangu aliishi. Walimzika nje ya kijiji pamoja na wengine, haraka haraka, askari wakisimamia, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka alama. Kesho yake Kathambi alikuja kazini, akashika jembe, akachimba. Nami siku hiyo kigingi sikukigusa. Wala sikukigusa tena. Lakini nilikuwa nimechelewa.

Tuliendelea hivyo mpaka handaki likaisha. Baadaye masharti ya kijiji yakalegezwa, tukaruhusiwa kurudi kwenye ardhi. Mume wangu aliachiliwa, akarudi akiwa mtu wa kukohoa na kukaa kimya. Mume wa Kathambi hakurudi, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Ndugu zangu, mtu anayetoka kwenye seng'enge akarudi kwenye shamba lake angeimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimezaliwa mkulima, mtu wa kuokota udongo na kuunusa nijue kama mvua imefika chini. Sasa nikitia jembe ardhini, ile harufu ya udongo wa chini inapanda, na mimi nipo tena ndani ya shimo, na kigingi kipo mkononi. Nikaanza kupanda vibaya. Mahindi nilirusha tu bila kufukia sawasawa. Maharagwe yaliliwa na magugu nikiyatazama. Watu wakasema ardhi ya Karambu imemkataa. Haikuwa kweli. Ardhi haikunikataa, maskini, ilikuwa inaningoja. Mimi ndiye niliyeshindwa kuitazama usoni.

Na kanisani nilikuwa nakwenda! Nilikuwa mstari wa mbele. Nilimwomba Mungu msamaha kila siku, asubuhi na jioni, nikafunga, nikalia, nikashiriki meza ya Bwana huku Kathambi ameketi benchi la nyuma yangu. Nikitoka pale nilikuwa na uzito ule ule niliokuja nao. Nilichoka. Hakuna uchovu kama ule wa kuficha. Ule wa jembe ulilala ukaamka nafuu, huu uliamka kabla yangu.

Jumapili moja alikuja mhubiri mzee kutoka upande wa Embu, mmoja wa wale walioitwa watu wa uamsho, mtu mfupi aliyevaa koti la mtu mrefu. Hakupiga kelele. Alituuliza swali moja tu. Alisema, "Ukimwibia jirani mbuzi, kwa nini unakuja hapa kumrudishia Mungu? Mungu hakupoteza mbuzi." Kisha akatuacha tujitazame. Nikahisi kama amekuja amebeba kile kigingi chini ya koti lake. Nilikasirika. Nikatoka kabla ya sala ya mwisho.

Lakini Bwana ana njia zake! Juma lile lile maofisa wa ardhi wakafika kwetu. Ulikuwa wakati wa kupima mashamba na kuyaunganisha, kila mtu apewe ardhi yake mahali pamoja. Walikuja na wazee wa kamati, na kamba, na mzigo wa vigingi. Mungu wangu! Na kwa mpango ambao sikuuliza, shamba langu na shamba la Kathambi yakapakana, na mpaka ukafuata lile handaki letu. Kipande kile kile. Nilikijua kwa jiwe kubwa jeusi lililotushinda kung'oa.

Mzee mmoja wa kamati akaniita. "Mama Mutwiri, shika kigingi hapa. Na wewe Mama Kananu simama hapo useme kama umeridhika."

Nikapewa kigingi. Kathambi alikuwa amesimama hatua chache tu, kitambaa kichwani, ananitazama. Ndugu zangu, kigingi kikaniponyoka, kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Wakadhani nina homa.

Nikamwambia yule mzee, "Ngojeni kidogo. Nina neno na huyu mama."

"Mama, serikali haingojei maneno ya wanawake."

"Itangoja," nikasema. Sijui nguvu ile niliipata wapi. Sijui, lakini najua ni nani aliyenipa.

Nikamshika Kathambi mkono, tukashuka mpaka ukingoni mwa handaki, mbali na masikio yao, tukaketi miguu ikining'inia ndani. Chini ile mianzi ilikuwa bado imesimama. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kigingi, tundu nililolifukia kwa mguu, majuma matatu, viazi nilivyovichagua. Sikusema "nisamehe". Neno hilo lilikataa kutoka, lilionekana dogo mno. Nilipomaliza nikangoja anisukume ndani. Nawaambia kweli, ningeshukuru.

Hakunisukuma. Aliokota bonge la udongo akaliponda kwa vidole, mpaka likawa unga. Halafu akasema bila kunitazama:

"Tundu nililiona. Siku ya pili tu. Mtu anayechimba kutwa hajui udongo uliokanyagwa?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja uniombe."

Sikuelewa. Akanigeukia. Ndugu zangu, uso ule ninao mpaka leo.

"Mama Mutwiri, mimi ni gichiaro yako. Ungeniomba nisingeweza kukukatalia. Ungesema tu, Kathambi, nichimbie hatua moja, ningekuchimbia. Ningekuchimbia mbili. Na wewe ukimaliza mapema ungekwenda shambani kwa niaba ya sisi wote wawili, ungerudi na viazi vya Mutwiri na vya Kananu. Mmoja angechimba, mwingine angeleta. Wote wangekula. Kwa nini hukuniomba?"

Niliwahi kufikiri kwamba dhambi yangu ni kuiba hatua moja. Kumbe niliiba kitu ambacho kilikuwa changu tayari kwa kuomba tu. Neno moja lingetosha, na nilikuwa nalo mdomoni, na mtu wa kuambiwa alikuwa karibu nami kutwa nzima. Nililia pale, ndugu zangu. Nililia kwa sauti mpaka wazee wakaja ukingoni kuangalia, Kathambi akawafukuza kwa mkono.

Kisha akasema jambo ambalo lilinishangaza zaidi. Akasema, "Na mimi pia. Vile viazi vidogo nilipoviona nilijaa hasira. Nikasema sitamwomba tena hata tufe. Ningeweza kukuomba kila siku, na kila siku ungenipa. Nikanyamaza kwa kiburi. Kananu alikuwa na mama wawili mle shimoni, na wote wawili walikuwa bubu."

Hakusema amenisamehe. Msidhani ilikuwa rahisi hivyo. Alisema, "Sasa mimi naomba. Naomba mambo mawili, na wewe huna ruhusa ya kukataa." Nikasema sina.

La kwanza, alisema handaki hili tulilichimba sisi, kwa hiyo tulifukie sisi, kile kipande chetu chote, bila kumwajiri mtu. La pili alisema, "Mwanao atakapokuwa mtu mzima, ajue. Aambiwe na mdomo wako, mbele ya watu wa Mungu, na mimi nikiwepo."

Tukainuka. Nikakishika kigingi, na safari hii hakikuanguka. Mzee wa kamati akamuuliza Kathambi kama ameridhika na mpaka. Akatazama kigingi, akanitazama, akasema, "Hapo ni sawa."

Ombi la kwanza nililitimiza. Tulianza kiangazi kile, kila siku baada ya kazi za nyumbani. Tulishuka tukang'oa ile mianzi mmoja mmoja, na Kathambi akasema tusiichome. Tukaisimamisha shambani, maharagwe yakapanda juu yake. Kisha tukaanza kurudisha udongo uliokuwa umerundikwa ukingoni. Majuma ya kwanza hatukuongea. Alitupa udongo kwa koleo lake, nikatupa kwa langu. Halafu siku moja aliniambia udongo wangu una mawe, niutoe vizuri, na nikajua tumeanza kuwa watu tena.

Udongo haukutosha. Mvua za miaka ile zilikuwa zimeuchukua mwingi. Shimo likabaki na bonde katikati. Kathambi akasema tuliache. Nikasema hapana. Nikaenda kwenye shamba langu, pale juu pazuri, penye udongo mweusi wa mboji, nikauchota kwa karai nikaujaza. Nilikwenda na kurudi mpaka kiangazi kikaisha. Na katika kule kuchota, ndugu zangu, siku moja nilijikuta nimeshika udongo mkononi, nimeuleta puani, na naunusa! Sikunusa shimo. Nilinusa mvua inayokuja. Nikapiga magoti pale pale nikamwita Mungu kwa jina ambalo bibi yangu alimwitia, kabla ya shule na kabla ya misheni. Na uzito ule nilioubeba ulishuka. Ulishuka ndugu zangu, haleluya! Sikuuona ukienda, niliona tu mabega yangu ni mepesi. Mungu alikuwa amekwisha kunisikia zamani. Alikuwa ananingoja kule kwa jirani, ambako sikutaka kwenda.

Pale tulipofukia tulipanda migomba. Udongo uliotifuliwa hivyo mgomba huupenda. Mpaka leo hakuna ndizi katika mtaa ule kama zile. Kathambi hajui Kananu alilala wapi, kwa hiyo akitaka kukaa naye anakwenda kwenye migomba ile. Hata sasa ambapo haoni, anafika peke yake akipapasa majani. Mimi huwa simfuati. Pale ni pake.

Lakini ombi la pili, ndugu zangu, sikulitimiza. Nilisema Mutwiri ni mdogo. Kisha nikasema ana mitihani. Kisha ameoa tu juzi, nisimharibie furaha. Kisha ana watoto. Sasa mwanangu mwenyewe ana mvi, na mimi nimebaki bila kisingizio. Kathambi hajaniuliza hata mara moja miaka yote. Wiki iliyopita nilipokwenda kumwona, akaniambia macho yamekwisha na miguu inafuata. Hilo tu. Nikamwambia, "Tutapanda gari Jumanne, twende Timau." Akasema, "Nilikuwa nangoja."

Namshukuru Mungu aliyenitoa handakini, maana wenzangu walitoka siku firimbi ilipolia mara ya mwisho na mimi nikabaki humo. Namshukuru aliyeniwekea mwanamke yule upande wa pili wa kigingi. Na wewe unayenisikiliza, ukiwa una kigingi ulichokisogeza, usikae hapa unamlilia Mungu tu. Mtegemee yeye, lakini inuka uende kwa mwenye hatua ile, umwambie. Na kama bado hujakisogeza, kama unakitazama tu kwenye ukungu kwa sababu mtoto wako ana njaa, nakusihi, ndugu yangu, ukiache. Omba. Fungua mdomo uombe! Yule aliye karibu nawe huenda anangoja neno hilo tu.

Nimechoka sasa. Nimemaliza. Mutwiri, mwanangu, usinitazame mimi. Tutaongea nyumbani, utaniuliza yote unayotaka. Kila kiazi ulichokula msimu ule kulikuwa na mwenzako aliyekikosa, na mama yake ni huyo aliyeketi mlangoni. Ukoo wako na wake ni gichiaro, sasa unajua maana yake. Inuka, mwanangu. Nenda pale ukapige magoti mbele yake, umuulize anataka nini. Na lolote atakalokuomba, usimkatalie.